Simu ipite kwanza, faili lingoje: foleni ndani ya swichi na fedha za mfanyabiashara

WAFANYABIASHARA wenye ofisi za watu kumi hadi hamsini, waliohamishia simu zao kwenye intaneti na kuunganisha mashine za kadi, kompyuta za mauzo na kamera za ulinzi katika mtandao mmoja, wamekuwa wakilipia tatizo moja mara mbili. Simu zikianza kukatikakatika, wananunua kasi kubwa zaidi kutoka kampuni ya intaneti. Hali isipobadilika, wananunua swichi mpya. Mwisho wa mwezi gharama zimepanda, na mteja wa upande wa pili wa simu bado anasema, "Sikusikii, hebu rudia."

Wakati huo huo, dawa iliyo nafuu zaidi mara nyingi imo ndani ya kisanduku kilichokwishafungwa ukutani, ila haijawashwa. Nayo ni kuipangia swichi vipaumbele, yaani kuiambia ni pakiti zipi za data zipite kwanza njia inapojaa, na zipi zingoje. Kazi hiyo haihitaji mtaji mkubwa. Inahitaji fundi anayejua anachofanya, na mwenye mali anayejua kumwuliza maswali.

Kwa msomaji asiye fundi, swichi ni kile kisanduku chenye matundu mengi ya kebo, ambamo kila kompyuta, simu na kamera ya ofisi huchomekwa. Data huingia kwa tundu moja na kutokea kwa jingine. Pale ambapo data nyingi zinataka kutokea tundu moja kwa wakati mmoja, swichi huziweka katika foleni. Foleni ikijaa, kinachofuata hutupwa.

Anayefanya biashara ya hisa anaielewa foleni hii kuliko anavyodhani. Katika soko la hisa, oda yenye bei bora hutangulia. Bei zikilingana, iliyofika mapema ndiyo hutekelezwa kwanza. Swichi ambayo haijapangwa haijui bei. Inajua saa tu. Neno la mteja anayetoa oda ya mamilioni, na picha za harusi ambazo karani anazipandisha kwenye intaneti, kwake ni mizigo sawa, na aliyetangulia kufika ndiye anayepita.

Hasara yake si ya kufikirika. Oda nyingi bado hutolewa kwa mdomo, na Kiswahili kina tarakimu ambazo laini mbovu huzichanganya kwa urahisi. Mteja anasema auziwe hisa elfu tano, sauti inamezwa kwa nusu sekunde, dalali anaandika elfu tatu. Tano na tatu zinaanza sawa, na kilichopotea ni mwisho wa neno. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye duka la jumla anayetajiwa idadi ya magunia, na kwa keshia anayeona mashine ya kadi ikizunguka bila jibu huku foleni ya watu, hii ya kweli, ikirefuka mbele yake.

HESABU YA LAINI

Mazungumzo ya simu ya intaneti ni kitu kidogo sana. Kwa mfumo wa G.711, ambao ni wa kawaida katika simu za ofisi, sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, na pakiti 50 hutumwa kila sekunde. Kila pakiti ina baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo mengine. Jumla ni kilobiti 80 kwa sekunde kwa kila upande. Simu kumi za pamoja zinakula kilobiti 800, yaani megabiti 0.8. Muamala wa kadi ni mdogo zaidi, kilobaiti chache tu, basi.

Kwa hiyo simu hazikosi nafasi. Zinakosa wakati. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114, unashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa msemaji hadi sikio la msikilizaji, iwapo mazungumzo yanatakiwa yawe ya kawaida. Ikichelewa mno, watu wawili wanaanza kusema kwa pamoja, kisha wote wananyamaza, kisha wanasema tena kwa pamoja. Aidha, pakiti zikifika kwa vipindi visivyolingana, moja baada ya milisekunde 20 na nyingine baada ya 90, sauti hukwaruza hata kama hakuna iliyopotea.

Tuseme ofisi ina laini yenye megabiti 5 kwa sekunde za kupandisha. Pakiti moja kubwa ya baiti 1,500 inachukua milisekunde 2.4 kutoka. Hilo halimsumbui mtu. Lakini kifaa cha kampuni ya intaneti, au ruta ya ofisi, kinaweza kuwa na hifadhi ya foleni ya megabaiti moja. Kompyuta moja ikianza kupandisha nakala rudufu, hifadhi hiyo inajaa, na kila pakiti mpya ya sauti inakaa nyuma ya megabiti 8 za mtu mwingine. Gawanya 8 kwa 5: sekunde 1.6. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya kiwango cha G.114, na hakuna hata pakiti moja iliyotupwa. Ripoti ya fundi itaonyesha laini ni nzima.

Ugonjwa huu wa hifadhi kubwa kupita kiasi ulitangazwa sana kuanzia mwishoni mwa 2010 na mhandisi wa Marekani, Jim Gettys, ambaye aliuona kwanza kwenye intaneti ya nyumbani kwake. Watengenezaji walikuwa wameongeza kumbukumbu ndani ya vifaa kwa sababu bei ya kumbukumbu imeshuka, wakidhani wanasaidia. Bohari kubwa haimalizi mzigo usiotoka.

Kuna hesabu nyingine ambayo wenye mali huikosa wanapoonyeshwa mchoro wa matumizi ya mwezi. Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za msongamano wa simu mwaka 1909, na elimu nzima ya foleni imejengwa juu ya msingi huo. Kwa foleni ya namna rahisi kabisa, laini ikitumika kwa asilimia 50, wastani wa kungoja ni sawa na muda wa kuhudumia pakiti moja. Ikifika asilimia 90, kungoja ni mara 9. Ikifika 95, ni mara 19. Mchoro wa mwezi unaosema wastani ni asilimia 40 umechanganya saa za usiku na zile dakika ishirini za saa nne asubuhi ambazo ndizo zenye biashara.

FOLENI IKO WAPI?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo panapostahili kukaziwa macho kabla ya kununua chochote. Swichi ya kisasa hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde katika kila tundu. Laini ya intaneti ni megabiti 5, 10 au 50. Kwa data inayokwenda nje ya ofisi, msongamano hautokei ndani ya swichi hata kidogo. Unatokea kwenye ruta au kwenye kifaa cha kampuni ya intaneti, pale njia ya magari kumi inapokuwa kichochoro. Kupanga vipaumbele kwenye swichi peke yake, kwa tatizo la aina hiyo, ni sawa na kuweka askari wa usalama barabarani mahali pasipo na magari.

Ndani ya ofisi, swichi hujaa katika hali chache zinazojulikana. Kompyuta nane zinapovuta au kusukuma mafaili kwa seva moja, zote zinagombea tundu moja la seva. Kamera nyingi zinapomimina picha kwenye mashine moja ya kurekodi, na njia hiyo hiyo ndiyo inayotoka ghorofa ya pili kwenda ya kwanza, njia hiyo hujaa, hasa kama ni kebo ya zamani ya megabiti 100. Vile vile, swichi mbili za bei nafuu zilizounganishwa kwa waya mmoja hugeuza waya huo kuwa daraja la pekee la mji mzima. Katika hali hizo vipaumbele vya swichi vina kazi.

Basi swali la kwanza kwa fundi ni moja: foleni inajaa kwenye kifaa gani? Asipoweza kuonyesha kwa namba, asipewe malipo ya awali ya vifaa vipya.

Kwa laini ya intaneti, mbinu iliyozoeleka ni kuifanya foleni ihame kutoka kwenye kifaa cha kampuni na kuja kwenye ruta ya ofisi, ambako mwenye mali ana amri. Ruta hupunguzwa mwendo kwa makusudi ili itoe chini kidogo ya uwezo wa laini, mathalani megabiti 4.5 pale laini ni 5. Wengi wanashtuka wakisikia hivyo, kwamba wamelipia 5 na fundi anawapa 4.5. Lakini nusu megabiti hiyo ndiyo bei ya kuwa na sauti katika kupanga foleni.

Tazama hesabu. Nakala rudufu ya megabaiti 200 ni megabiti 1,600. Ikiwa peke yake kwenye laini ya megabiti 5, inamalizika kwa sekunde 320, yaani dakika 5 na sekunde 20. Ruta ikipunguzwa hadi 4.5 na simu kumi zikapewa megabiti 0.8 za kutangulia, nakala inabaki na 3.7, na inamalizika kwa dakika 7 na sekunde 12 hivi, bila kuhesabu ziada ndogo ndogo. Faili limechelewa kwa chini ya dakika mbili, jambo ambalo hakuna aliyeligundua. Simu kumi zimepita safi.

Wenye ruta zinazotumia Linux wana njia nyingine ya kurahisisha kazi. Mbinu iitwayo FQ-CoDel, iliyoandikwa kama RFC 8290 mwaka 2018 lakini iliyokuwa ndani ya Linux tangu 2012, hugawa foleni kwa kila mazungumzo na kukataa kuiacha irefuke. Kwa ofisi ndogo ambayo haina mtu wa kukaa akipanga madaraja, hiyo pamoja na kupunguza mwendo vinaweza kumaliza kazi.

ALAMA KWENYE PAKITI

Ili swichi au ruta ijue nani apite kwanza, lazima pakiti ibebe alama. Alama ni za aina mbili, na kwa sadfa zote zilipata umbo lake la kudumu mwaka 1998, mwaka ule ule ambao Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa.

Ya kwanza iko katika lebo ya 802.1Q, ambayo swichi huongeza kwenye fremu ya data. Lebo ina baiti 4, na ndani yake biti 3 zimetengwa kwa kipaumbele. Biti 3 zinatoa namba kutoka 0 hadi 7. Kuna kioja kimoja ambacho fundi mzembe hukikosea: namba 1 iko chini ya 0. Sifuri ni data ya kawaida, moja ni ya chini kabisa, ile inayoweza kungoja usiku. Anayepanga kwa kudhani 1 ni bora kuliko 0 atakuwa amepandisha daraja kile alichotaka kukishusha.

Ya pili iko katika pakiti yenyewe ya IP na huitwa DSCP. Ina biti 6, yaani namba 0 hadi 63. Kwa sauti, namba inayotumika kote ni 46. Alama hii ina faida kwamba haiondoki pakiti inapovuka ruta, wakati lebo ya kwanza hukoma pale fremu inapofika mwisho wa safari yake ya ndani. Biti tatu za mwanzo za 46 zinasomeka 5, ndiyo maana swichi nyingi hutafsiri 46 ya DSCP kuwa 5 ya 802.1Q bila kuambiwa.

Nje ya ofisi, hata hivyo, alama hizi hazina thamani ya kutegemewa. Kampuni nyingi za intaneti huzifuta au kuzipuuza, isipokuwa mteja amelipia mkataba maalumu. Pia pakiti zinazoingia kutoka nje zimekwishapanga foleni kwa kampuni kabla hazijamfikia mwenye ofisi. Anachoweza kufanya kwa upande huo ni kupunguza mwendo wa kupokea kwenye ruta, ili wanaotuma mafaili makubwa walegeze kasi wenyewe. Hiyo inasaidia kwa kiasi, na anayeahidi zaidi ya hapo anauza maneno.

NANI AAMINIWE

Swichi ikianza kuheshimu alama, linazuka swali la uaminifu. Programu yoyote kwenye kompyuta yoyote inaweza kujiandikia 46. Kijana wa stoo aliyesoma kidogo mambo ya mitandao anaweza kuufanya mchezo wake wa kompyuta upite mbele ya simu ya mkurugenzi, na swichi haitauliza.

Kwa sababu hiyo mpangaji huchora mpaka. Matundu yaliyochomekwa simu za mezani yanaaminiwa. Matundu ya kompyuta hayaaminiwi: alama zao zinafutwa na swichi huwapa daraja kwa kutazama zinakokwenda. Mashine za kadi kwa kawaida hazijiandikii alama yoyote, hivyo hutengwa katika VLAN yao, yaani mtandao mdogo ndani ya mtandao, na VLAN nzima hupewa daraja la pili. Mpango huo unafaa kwa usalama pia. Kamera hupewa daraja la tatu au la mwisho. Nakala rudufu na masasisho ya programu hupewa alama 8 ya DSCP, ambayo kwa desturi ni ya mizigo isiyo na haraka.

Baada ya madaraja, foleni zenyewe. Swichi za kawaida zina foleni nne au nane kwa kila tundu, na namna kuu za kuzihudumia ni mbili. Moja ni kipaumbele kikali: foleni ya juu ikiwa na pakiti hata moja, hakuna mwingine anayepita. Hiyo hufaa sauti. Nyingine ni mzunguko wenye uzani, ambapo kila foleni hupata sehemu yake kwa zamu. Ikiwa megabiti 3.7 zilizobaki katika mfano wa juu zinagawanywa kwa uzani wa 5, 3 na 2, mauzo na kadi zinapata 1.85, kazi za kawaida 1.11 na nakala rudufu 0.74. Sehemu isiyotumiwa na mwenyewe hupewa wengine, kwa hiyo usiku nakala rudufu itachukua yote.

Kosa linaloonekana sana ni tamaa. Mhasibu anataka programu yake iwe daraja la kwanza, meneja mauzo naye, mkurugenzi anataka kompyuta yake yote, na fundi kwa kuogopa kugombana anakubali. Siku ya pili kila kitu kina kipaumbele kikali, maana yake hakuna chenye kipaumbele, na foleni za chini zinakufa njaa kabisa. Kanuni iliyoenea miongoni mwa wapangaji wa mitandao, hasa wanaofuata mwongozo wa Cisco, ni kwamba foleni ya kipaumbele kikali isipewe zaidi ya theluthi moja ya laini. Katika mfano wetu megabiti 0.8 kati ya 4.5 ni chini ya asilimia 18. Upo mwanya wa kutosha, na ni vizuri uachwe kama ulivyo.

MTEGO WA MITUMBA

Sokoni kuna swichi nyingi zilizotumika, zikiwemo za Cisco aina ya Catalyst 2960 za zamani, zilizotoka kwenye ofisi kubwa za nje zilizobadilisha vifaa. Ni mashine imara na kwa duka la kawaida zinatosha. Lakini zina mitego miwili ambayo imewaaibisha mafundi wengi.

Katika swichi hizo, vipaumbele huwa vimezimwa tangu kiwandani. Zikiwa hivyo, alama hupita zilivyo bila kuguswa. Fundi akiandika amri ya mls qos kuviwasha, na akaishia hapo, matundu yote yanakuwa yasiyoaminiwa, na swichi inaandika sifuri juu ya kila alama inayopita. Simu ambazo zilikuwa zikibeba 46 hadi kwenye ruta sasa zinafika na 0. Mwenye mali amelipia kipaumbele na kupata kinyume chake. Tiba ni mstari mmoja zaidi kwa kila tundu la simu na kwa tundu la kwenda kwenye ruta, ule wa mls qos trust dscp.

Mtego wa pili ni wa hifadhi. Amri ile ile ya kuwasha hugawa kumbukumbu ya kila tundu katika foleni nne. Data ya kawaida, ambayo awali ilikuwa na nafasi yote, sasa ina fungu dogo, na mafaili makubwa yanaanza kutupwa pakiti hata kama laini haijajaa. Ikitokea kwamba baada ya fundi kuondoka simu ni nzuri lakini kufungua faili kwenye seva kumekuwa kizito, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Mgawo huo hurekebishika kwa amri.

Upande wa swichi mpya, mnunuzi atofautishe makundi mawili. Zile za bei ya chini kabisa, za kuchomeka na kuwasha, hazina mahali pa kuingiza mpangilio. Baadhi huheshimu lebo ya 802.1Q au alama ya DSCP kimya kimya, nyingine haziheshimu, na sanduku halisemi daima. Zile zenye ukurasa wa kupangia huitwa za kusimamiwa, na kati yake kuna za bei ya wastani zinazotosha ofisi ndogo. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize mambo matatu: foleni ni ngapi kwa kila tundu, je inasoma DSCP au lebo tu, na je inaonyesha hesabu ya pakiti zilizotupwa kwa kila foleni. La mwisho ndilo wengi hawaliulizi. Bila hesabu hiyo, hakuna wa kuthibitisha kwamba mpangilio unafanya kazi.

Wanaotumia simu za mkononi kupitia Wi-Fi ya ofisi wajue kwamba hapo swichi haina neno. Hewa ni moja na wote wanaizungumzia kwa zamu. Wi-Fi ina madaraja yake manne, na inaweza kusoma DSCP ikipangwa, lakini kituo kimoja kilichobebeshwa simu sitini kitakwama hata kipangwe vipi. Keshia achomekwe kwa kebo.

HOJA YA WAPINZANI

Si kila mtaalamu anaupenda mpango huu, na mwekezaji anastahili kusikia upande wa pili. Katika miaka ya 1990 kampuni za simu ziliweka fedha nyingi katika teknolojia ya ATM, iliyokata data katika vipande vya baiti 53 na kuahidi kila huduma ubora wake tangu mwanzo. Hata ukubwa huo ulikuwa matokeo ya mapatano: Ulaya ilitaka vipande vya baiti 32, Marekani 64, wakakutana 48 na kuongeza 5 za anwani. Ethernet, iliyozaliwa Xerox mwaka 1973 na isiyoahidi chochote, ilikuwa rahisi na ikazidi kuwa rahisi. Swichi ya kwanza ya Ethernet ilitolewa na kampuni ya Kalpana mwaka 1990; Cisco ikainunua Kalpana mwaka 1994. Kwenye mitandao ya maofisini ATM haikupona.

Mwaka 2002 watafiti wa mradi wa Internet2 nchini Marekani, waliokuwa wamejaribu kuuza huduma ya daraja la juu kati ya vyuo vikuu, waliandika kwa nini imeshindikana. Kwa ufupi, kuongeza kasi kwa wote kulikuwa rahisi na nafuu kuliko kusimamia nani apite kwanza. Hoja hiyo ina nguvu hadi leo pale ambapo kasi ni rahisi. Ofisi yenye mkongo wa megabiti 200 na watu kumi na watano haina haja ya kumlipa fundi apange madaraja sita.

Katika Afrika Mashariki hesabu ni tofauti kidogo, na si kwa sababu ya bei ya kila mwezi peke yake. Kabla ya mkongo wa Seacom kufika mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, kanda nzima ilitegemea satelaiti kwa sehemu kubwa. Mikongo imeondoa dhiki hiyo, lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ya namna hiyo laini ya megabiti 50 inaweza kubaki na 3, au ofisi ikahamia kwenye laini ya akiba ya simu za mkononi. Wakati huo mpangilio uliolala kwa miezi bila kazi ndiyo unaoamua kama mashine ya kadi itajibu.

Kwa hiyo anayepanga vipaumbele apange mara mbili. Kama ruta imepunguzwa hadi megabiti 18 kwa ajili ya laini kuu ya 20, na laini ya akiba ni ya 4, namba 18 haina maana siku ya kuhamia huko: foleni itarudi kwenye kifaa cha kampuni na simu zitakatika kama awali. Laini ya akiba iwe na kipimo chake, na nakala rudufu zisimame kabisa wakati inatumika.

Jaribio la kukabidhiana kazi halichukui nusu saa. Watu wawili wapigiane simu kutoka ofisini kwenda nje. Wakati wanazungumza, mwingine aanze kupandisha faili kubwa, na keshia apitishe malipo madogo ya kadi. Sauti isibadilike na kadi ijibu kwa muda wake wa kawaida. Kisha fundi afungue hesabu za foleni mbele ya mwenye ofisi: foleni ya sauti iwe imepitisha pakiti na kutupa sifuri, foleni ya chini iwe ndiyo iliyotupa. Zikiwa zote ni sifuri, ama laini haikujaa, na faili kubwa zaidi litafutwe, ama hesabu zinasomwa kwenye kifaa kisicho na foleni. Nakala ya mpangilio pamoja na neno la siri vikabidhiwe kwa mwenye ofisi siku hiyo hiyo, kabla ya kulipwa fungu la mwisho.